Barafu Laini kwa Mtoto Asiyekula Nyama: Mwongozo wa Jikoni kwa Wazazi wa Kiuu, Ruiru na Thika

Kati ya Januari na Machi jua la Ruiru na Thika huwa kali, na mtoto wa miaka miwili huanza kuukataa uji, maharagwe na hata ndizi aliyoililia jana. Hapo barafu ya kijiti ya dukani huonekana kuwa msaada, kwa maana mtoto hutulia papo hapo. Isome karatasi yake kwanza. Nyingi ni maji, sukari, rangi na ladha. Zinajaza tumbo dogo lililokuwa na nafasi ya chakula cha kweli, na sukari yake hubaki kwenye meno.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi wa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu asiyekula nyama wala samaki, iwe ni kwa imani ya nyumbani au kwa sababu nyingine. Neno lake kuu ni moja: barafu ya mtoto huyu ni mlo mdogo. Ukiihesabu kuwa chakula, utaijaza kile ambacho mtoto asiyekula nyama hukikosa kwa urahisi, na siku ya joto itakuwa nafasi ya kumlisha vizuri.

KWANZA, KWA NINI

Tumbo la mtoto ni dogo, nao mwili wake unakua kwa kasi. Mlo wa mboga na nafaka hujaza tumbo haraka kabla ya kutoa nguvu ya kutosha. Kwa hiyo kila kijiko kinahitaji mafuta mazuri, protini na madini ya chuma. Juisi iliyogandishwa haina hata kimoja cha kutosha.

Chuma cha mimea kina tabia yake: mwili hukipokea kwa shida kuliko chuma cha nyama. Vitamini C ikiliwa pamoja nacho hukisaidia kuingia mwilini, ilhali majani ya chai hukizuia. Ndiyo maana utaona ndengu zikiwekwa pamoja na pera hapa chini, na ndiyo maana chai haifai kwa mtoto huyu, hata ile ya rangi iliyo nyepesi.

KISANDUKU: MAHITAJI YA SIKU, MWAKA 1 HADI 3
• Chuma: takriban miligramu 7. Asiyekula nyama anahitaji zaidi, kwa kuwa chuma cha mimea hufyonzwa kidogo.
• Kalsiamu: takriban miligramu 700.
• Zinki: takriban miligramu 3.
• Maziwa ya ng'ombe: yasizidi nusu lita kwa siku. Yakizidi hapo, humshibisha mtoto na kupunguza chuma mwilini.
• Vitamini B12: mtoto anayekunywa maziwa na kula mayai huipata humo. Asiyekula chochote kitokacho kwa mnyama lazima apewe ya nyongeza. Hakuna tunda, nafaka wala mboga ya shambani ya kutegemea kwa B12. Zungumza na kliniki mapema.
• Mei na Novemba ni miezi ya Malezi Bora: peleka mtoto apate vitamini A na dawa ya minyoo. Minyoo hula damu ambayo wewe unaijenga kwa chakula.

KWA NINI BARAFU BILA SUKARI HUWA NGUMU

Sukari haileti utamu pekee. Huzuia maji yasigande kabisa, na ndiyo maana barafu ya dukani hulambika kwa urahisi. Ukiitoa sukari bila kuweka kitu kingine mahali pake, utapata jiwe, na jiwe la barafu ni hatari kwa mtoto: kipande kikikatika huweza kumsakama kooni.

Kuna vitu vinne vinavyolainisha barafu bila sukari ya kuongeza: mafuta (parachichi, tui la nazi, siagi ya njugu), wanga uliopikwa (uji), protini ya maziwa (mtindi) na matunda mazito yaliyopondwa (ndizi, embe). Kutokana na hivyo tunapata kanuni ya kukumbuka:

Nusu tunda zito. Robo chenye mafuta au mtindi. Robo nafaka au kunde iliyopikwa.

Ukiishika kanuni hii, unaweza kubadilisha viungo kulingana na kilichopo sokoni na barafu bado itakuwa laini.

SOKONI

Mkazi wa Kiuu ana soko la Githurai karibu. Wa Thika ana Madaraka na Jamhuri. Nunua hivi:

• Ndizi: chagua zenye madoa meusi kwenye ganda. Ndizi ngumu haina utamu wala ulaini.
• Parachichi: bonyeza karibu na kikonyo. Likibonyea kidogo, liko tayari.
• Embe: msimu mkubwa huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Machi. Kuna wachuuzi wanaoivisha maembe kwa kabaidi. Njia salama ni kununua yaliyokomaa na kuyaivisha nyumbani ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na ndizi.
• Pera: usilidharau. Gramu 100 zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, mara kadhaa ya chungwa.
• Wimbi: ni miongoni mwa nafaka zenye kalsiamu nyingi zaidi. Uliza pia unga wa mbegu za terere, ulio na chuma kingi kuliko wa mahindi.
• Ufuta: una chuma na kalsiamu, lakini mbegu nzima hupita tumboni bila kusagika. Usage daima.
• Njugu karanga: tupa zilizokunjamana, zenye ukungu au zenye uchungu. Sumu ya ukungu haiondoki kwa kukaanga.

KISANDUKU: VISIVYO VYA MBOGA VILIVYOJIFICHA
Jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, nayo hupatikana katika jeli, peremende laini na baadhi ya aiskrimu na mtindi. Rangi nyekundu yenye namba E120 hutoka kwa wadudu. Soma maandishi hata kwenye mtindi wenye ladha. Familia za Kijaini pia haziweki mayai wala mizizi, kwa hiyo waache viazi vitamu, karoti na kiazisukari. Mapishi yote ya hapa hayana mizizi. Anayefuata masharti mengine ya imani yake aulize nyumbani kabla ya kubadilisha kiungo.

USAFI: BARIDI HAIUI VIINI

Kugandisha huvilaza viini vya maradhi tu. Barafu ikiyeyuka, huamka. Kwa hiyo:

1. Chemsha maji mpaka yatokote vizuri kwa dakika moja, yapoe yakiwa yamefunikwa.
2. Chemsha maziwa yote, ya mchuuzi na ya mashine za maziwa. Maziwa mabichi huweza kubeba bruselosisi na viini vya kuharisha.
3. Osha tunda kabla ya kulimenya. Kisu hubeba uchafu wa ganda hadi ndani.
4. Osha blenda, kichungio na vikombe kwa maji moto na sabuni, uvianike vikauke.
5. Chakula kilichopikwa kiingie kwenye friza ndani ya saa mbili. Kipoze upesi kwa kuweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi.

HATUA ZA MSINGI

Hizi zinafaa kwa kila pishi.

1. Ponda au saga mpaka ulaini ufanane na wa uji mzito. Huna blenda? Tumia uma, kisha pitisha kwenye kichungio kwa mgongo wa kijiko.
2. Onja. Ladha hufifia ikiwa baridi. Ukihitaji utamu zaidi, ongeza ndizi mbivu, si sukari.
3. Mimina kwenye trei ya barafu au vikombe vidogo vya chuma. Acha nafasi ya nusu sentimita juu, kwa maana maji hupanuka kwa karibu asilimia 9 yakiganda.
4. Funika ili visinyonye harufu ya vitunguu vya jirani ndani ya friji.
5. Gandisha kwa saa nne hadi sita. Baada ya saa moja na nusu koroga mara moja, ili chembe za barafu zibaki ndogo.
6. Andika tarehe na viungo juu ya chombo.
7. Kabla ya kumpa mtoto, acha nje dakika 5 hadi 10. Bonyeza kwa kijiko: kikizama bila nguvu, iko tayari. Kisipozama, ngoja.

Tazama nyota kwenye mlango wa friza yako. Nyota moja ni nyuzi 6 chini ya sifuri, mbili ni nyuzi 12, tatu ni nyuzi 18. Kwenye nyota moja maliza barafu ndani ya juma moja. Kwenye tatu, ndani ya mwezi mmoja.

MAPISHI MANNE

Kila kiungo kipya mpe mtoto peke yake kwanza, kidogo, mchana, siku mbili au tatu kabla ya kukichanganya. Fanya hivyo hasa kwa njugu, ufuta, maziwa na soya. Akivimba midomo, akitapika au akipata shida ya kupumua, mpeleke hospitali mara moja.

1. Barafu ya parachichi na ndizi
Nusu parachichi kubwa, ndizi mbivu mbili, nusu kikombe cha mtindi usio na sukari, matone machache ya limau ili isigeuke nyeusi. Saga, gandisha. Hii ndiyo laini kuliko zote, na ndiyo nzuri ya kuanzia.

2. Barafu ya uji wa wimbi na njugu (haina maziwa)
Vijiko vitatu vya mezani vya unga wa wimbi, au viwili vya wimbi na kimoja cha terere. Kikombe kimoja na nusu cha maji. Ndizi mbivu mbili. Kijiko kimoja cha mezani cha siagi ya njugu laini, isiyo na chumvi wala sukari. Loweka unga kwenye maji usiku kucha: kuchacha kidogo hupunguza kile kinachofunga chuma cha nafaka. Pika kwa moto mdogo kwa dakika 15 ukikoroga. Ukipoa, ponda na ndizi na siagi ya njugu. Wanga wa uji huzuia chembe kubwa za barafu, kwa hiyo hulambika vizuri. Chuma kinachozuiliwa na nafaka kitasaidiwa na kipande cha chungwa au papai mezani.

3. Barafu ya ndengu, embe na pera (haina maziwa)
Nusu kikombe cha ndengu, embe moja bivu, pera moja kubwa, vijiko vitatu vya tui zito la nazi. Loweka ndengu usiku, mwaga maji, zipike hadi zivurugike, kisha zipitishe kwenye kichungio ili maganda yabaki. Menya pera, lisage bila kulipika, kwa kuwa moto huharibu vitamini C, halafu lichuje mbegu zote. Changanya ndengu zikiwa zimepoa. Usistaajabu kuona kunde kwenye barafu: Uchina watu hula barafu za kijiti za ndengu, na barafu za maharagwe mekundu ni za kawaida katika nchi jirani zake. Kati ya mapishi haya manne, hili ndilo la kumsaidia zaidi mtoto asiyekula nyama.

4. Kulfi ya ufuta na tende
Kulfi ni aiskrimu ya kale ya Bara Hindi inayopikwa bila mayai wala jelatini, kwa kuyachemsha maziwa mpaka yapungue. Nusu lita ya maziwa yenye mafuta yote, tende tano laini zisizo na kokwa, kijiko kimoja cha mezani cha ufuta uliokaangwa na kusagwa, iliki kidogo. Pika maziwa kwa moto mdogo mpaka yabaki nusu, ukikwangua kando ya sufuria. Loweka tende kwenye maji moto, zisage na maziwa, ongeza ufuta. Tende zina sukari nyingi ya asili, kwa hiyo hii ni ya mara moja kwa juma, kipande kidogo, na maziwa yake yahesabiwe ndani ya nusu lita ya siku.

KISANDUKU: NANASI LA THIKA NA MAZIWA
Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa. Ukilisaga na mtindi, baada ya muda mchanganyiko huwa mchungu, na friza haizuii hilo. Pika vipande vya nanasi dakika tano, vipoe, ndipo uchanganye. Papai bichi nalo hufanya vivyo hivyo. Nanasi likiwa chachu huweza kuchubua ngozi ya mdomo. Pangusa mdomo wa mtoto baada ya kula.

KAMA HUNA FRIZA

Chumvi huifanya barafu iyeyuke katika baridi kali zaidi, na baridi hiyo inatosha kugandisha mchanganyiko wako. Kulfi iligandishwa hivi kabla friji hazijakuwako.

1. Vunja kilo tatu za barafu uliyonunua, uichanganye na kilo moja ya chumvi ya bei nafuu ndani ya ndoo.
2. Tia kikombe kimoja au viwili vya mchanganyiko baridi kwenye mkebe wa chuma wenye kifuniko kinachobana.
3. Zika mkebe hadi robo tatu ya kimo chake. Funika ndoo kwa blanketi nzee.
4. Kila baada ya dakika tano futa kifuniko, fungua, kwangua kando kwa kijiko, funga. Baada ya nusu saa au zaidi kidogo utakuwa na barafu laini.
5. Ila papo hapo. Haitahifadhika.

ONYO: Barafu ya chumvi huunguza ngozi kwa baridi. Usiishike kwa mikono mitupu, na mtoto awe mbali. Barafu ya kununua ni ya nje ya mkebe tu, isiguse chakula. Maji ya chumvi yasimwagwe shambani.

STIMA IKIPOTEA

Friza iliyojaa, mlango ukibaki umefungwa, hushika baridi kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Kisanduku kidogo ndani ya friji ya mlango mmoja hakifikii hapo; hesabu saa chache tu. Weka kikombe cha maji yaliyoganda na sarafu juu yake. Ukirudi ukikuta sarafu imezama, barafu iliyeyuka ukiwa mbali hata kama sasa imeganda tena. Mwaga barafu zote za mtoto. Iliyoyeyuka haigandishwi mara ya pili.

MAKOSA YA KAWAIDA

• Kugandisha juisi tupu. Mtoto hupata sukari ya tunda bila nyuzi, mafuta wala protini.
• Kuongeza asali. Asali haifai kabisa kabla ya mwaka mmoja kwa hatari ya sumu ya botulini, na baadaye ni sukari tu kwa meno.
• Kuweka njugu nzima, zabibu nzima au vipande vya tunda kwa ajili ya urembo. Kila kitu kisagwe.
• Kutumia maziwa yaliyopunguzwa mafuta. Mtoto wa chini ya miaka miwili anayahitaji mafuta.
• Kutoa barafu nusu saa kabla ya chakula. Mpe baada ya mlo, au saa mbili kabla yake.
• Kuitumia kama zawadi ya kumaliza mboga. Mtoto hujifunza kwamba mboga ni adhabu.
• Kuogopa kwamba barafu italeta nimonia. Nimonia husababishwa na virusi na bakteria. Ubaridi wa chakula hauileti. Uchafu ndio unaoleta maradhi. Bibi akiwa na hofu hiyo, msikilize kwa heshima, umweleze hili, na umwonyeshe jinsi maji yalivyochemshwa.

WAKATI WA KULA

Kipimo ni vijiko vinne vya mezani kwa mara moja, mara tatu au nne kwa juma. Mpe kwa kijiko. Kijiti cha mbao kisubiri hadi ajue kuketi na kutulia. Mtoto akae wima, mtu mzima akimtazama; asile akikimbia, akilala, wala ndani ya matatu. Baada ya kula anywe maji, na jioni apigwe mswaki.

KISANDUKU: AKISAKAMWA
Akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua:
1. Mwinamishe mbele, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5.
2. Simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu, sukuma ndani na juu mara 5.
3. Rudia zote mbili mpaka kitu kitoke. Mtu mwingine apige 999 au 112.
4. Akizimia, mlaze, anza kumfufua kwa kumbonyeza kifua, usisubiri.
Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja usisukume tumbo; sukuma kifua.
Hata kama kitu kimetoka, mpeleke hospitali akaangaliwe baada ya kusukumwa tumbo.

ORODHA YA KUBANDIKA KWENYE FRIJI

☐ Maji na maziwa yamechemshwa.
☐ Nusu tunda, robo mafuta au mtindi, robo nafaka au kunde.
☐ Hakuna sukari, asali, chumvi wala jelatini.
☐ Kila kitu kimesagwa, mbegu zimechujwa.
☐ Kila kiungo kimeshajaribiwa peke yake.
☐ Tarehe imeandikwa.
☐ Kijiko kinazama kabla mtoto hajapewa.
☐ Ameketi wima, nami niko mbele yake.

Mtoto akiwa mweupe kwenye viganja na ndani ya midomo, akichoka upesi, akila udongo au akikosa kuongeza uzito, usimtibu kwa barafu wala kwa dawa ya dukani. Chukua kijitabu chake cha kliniki uende akapimwe damu, na umweleze mhudumu wazi kwamba mtoto hali nyama, ili ushauri atakaokupa ufuate mlo wenu. Wakati huohuo endelea na lile pishi la ndengu na pera.